Binti wa kudarizi aliyeingia ikulu ya China kama mke mdogo, akatoka kwa mawakili: nini hasa kiliua ile ndoa?

#1 Kigoda cha Bibi
Wakuu salaam. Humu kila ikija mada ya maskini kuolewa kwa matajiri, watu wanakimbilia tamthilia. Leo nawaletea cha kweli, wenye ujuzi wa China mnisaidie kukichambua.

Kuna binti anaitwa Wenxiu, amezaliwa Desemba 1909. Ukoo wao ulikuwa na jina kubwa zamani, ila baba alifariki mapema, mali ikayeyuka, mama akabaki Beijing na mabinti zake wakidarizi vitambaa ili mkono uende kinywani. Shuleni alijiandikisha kwa jina la Fu Yufang.

Sasa upande wa pili kuna Puyi, mfalme wa mwisho. Utawala ulishamponyoka Februari 1912, lakini Jamhuri ilimwachia jina lake, ikulu yake na ahadi ya posho ya milioni 4 kwa mwaka. Alipofika umri wa kuoa akaletewa picha za mabinti. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba nyuso zilikuwa ndogo hazionekani vizuri, miili kama mirija ya karatasi, kwa hiyo akaangalia nguo tu, akachukua penseli na kuzungushia mmoja. Ndiye Wenxiu.

Kumbe wajane wa wafalme waliotangulia, waliobaki ikulu, walikuwa na mvutano wao. Mmoja, Duankang, akaja juu: huyu kwao hawana kitu na sura yenyewe ya kawaida, chukua Wanrong, kwao wanazo na ni mzuri. Penseli ikazunguka mara ya pili. Ila kwa vile Wenxiu alishazungushiwa, wazee wakasema hafai tena kuolewa na raia wa kawaida, basi aingie kama mke mdogo. Akaingizwa 30 Novemba 1922. Kesho yake Wanrong akaingia kama malkia, kwa shamrashamra zote. Wenxiu alikuwa hata 13 hajatimiza.

Agosti 1931 akaondoka na kudai talaka. Kwa mila zao hicho kitu hakikuwahi kusikika, mke kumwacha mfalme! Mimi msimamo wangu ni kwamba umaskini wa kwao ndio uliomponza. Angekuwa binti wa mwenye pesa angekuwa malkia na asingetoka. Karibuni.

#2 Mzee wa Pembeni
Nimekaa. Mwenye kahawa asogeze.

#3 Sungusungu Mstaafu
Mleta mada umepatia nusu. Umaskini ulikuwa mlango wa kuingilia tu, kilichomtesa ni cheo chenyewe. Kwenye familia za wenye nazo China mke halali alikuwa mmoja. Huyo analetwa kwa machela nyekundu, anapita lango kuu, mababu wanajulishwa. Wa pili kwenda mbele ni suria: anapitia mlango wa pembeni, anampigia mke mkubwa magoti na kumpa chai. Hata watoto atakaozaa, mama yao rasmi ni yule mkubwa. Yeye aliyebeba mimba anabaki kama mhudumu mwenye chumba kizuri.

Ndiyo maana Wenxiu aliingizwa siku moja kabla, ili awepo kumpokea mkubwa wake. Jiulize, umetangulia kufika halafu unapanga mstari kumpokea aliyekuja nyuma.

Ongezea na miguu iliyofungwa tangu utotoni. Utakimbilia wapi?

#4 Guangzhou Kwa Jumla
Mkuu #3 kwenye miguu hapana. Hiyo ilikuwa mila ya Wahan, kabila kubwa la China. Ikulu ya Qing, ukoo wa kifalme wa kina Puyi, ilikuwa ya Wamanchu, na wanawake wao hawakufunga miguu. Wenxiu asili yake Mmongolia, wa yale majeshi ya bendera ya Kimanchu. Alitembea kwa miguu yake mizima, na siku ya kuondoka alipanda gari kwa miguu hiyohiyo.

Mengine uliyosema kuhusu suria yako sawa kwa familia za kawaida za kitajiri. Ikulu walikuwa na madaraja yao, na aliyekuwa na cheo kama cha Wenxiu alikuwa na jumba lake na wahudumu wake. Yeye alikaa Changchun Gong, Wanrong akakaa Chuxiu Gong. Ukienda leo Beijing unalipa kiingilio unayaona yote mawili.

#5 Kamba ya Katani
Yaani mfalme mzima kachagua mke kwa kuangalia kitambaa cha gauni! Halafu sisi tunaochagua kwa picha ya wasifu mnatucheka.

#6 Binti Machame
Nimesoma #1 nikanyamaza kwanza.

Mimi niliolewa kwenye ukoo wenye mali, wenyeji wa kwetu watajua wa aina gani, wa mabasi na nyumba za kupangisha mjini. Kwetu tulikuwa tunauza ndizi. Hakuna aliyewahi kunitukana, naomba mlielewe hilo. Ila stoo ilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao mama mkwe kiunoni, kwenye kanga. Nikitaka sukari naomba. Mke wa shemeji yangu, yeye kwao wanazo, alikuwa na ufunguo wake. Mama yangu akija kunisalimia anapokelewa vizuri tu, chai ya maziwa, mkate wa siagi, lakini jikoni. Mama wa yule mwingine anakaribishwa sebuleni. Mama yangu hakuwahi kulalamika. Alikuwa anakunywa chai haraka na kusema gari litamwacha.

Kwa hiyo Sungusungu, hicho cheo unachokisema hakihitaji sheria ya China. Mleta mada yuko sahihi.

#7 Mzee wa Pembeni
Dada #6 pole sana. Mume alikuwa anasema nini?

#8 Binti Machame
Mume alikuwa anasema "mama ndivyo alivyo". Tuendelee na Wachina.

#9 Wakili wa Uchochoroni
Nawasalimu. Mnazungumzia mateso kana kwamba ndiyo yanayovunja ndoa. Mateso yalikuwepo miaka elfu na masuria hawakutoka. Swali langu ni kwa nini yeye alitoka, na kwa nini 1931.

Jibu lipo kwenye sheria. Serikali ya Jamhuri, iliyokuwa Nanjing, ilitangaza sehemu ya familia ya Kanuni ya Madai (sheria kuu ya mambo ya kiraia) Desemba 1930, ikaanza kutumika 5 Mei 1931. Mke akapewa haki ya kudai talaka kwa sababu zinazofanana na za mume. Wenxiu katoka 25 Agosti mwaka huohuo. Hesabu wenyewe.

Na angalieni alivyotoka. Wakati huo walikuwa mji wa Tianjin, maana Puyi alifukuzwa ikulu Novemba 1924 na jeshi la jenerali Feng Yuxiang. Wenxiu kaaga anakwenda kutembea na mdogo wake Wenshan, gari la nyumbani, na towashi wa kumlinda kaketi humohumo. Gari likaenda moja kwa moja Hoteli ya Guomin, mawakili wanasubiri chumbani. Towashi kakabidhiwa barua apeleke kwa bwana wake. Hapo hakuna mwanamke aliyekimbia akilia, hapo kuna faili lililoandaliwa.

#10 Kamba ya Katani
Towashi kapanda gari kama mlinzi kashuka kama tarishi. Namuonea huruma, sijui alianzaje kusema kule nyumbani.

#11 Shangazi Kaja Mjini
Wakili umeeleza alivyotoka, hujaeleza kwa nini. Sheria inafungua mlango, haimsukumi mtu nje.

Tatizo lilikuwa mume. Puyi aliwekwa kwenye kiti akiwa hajafika miaka 3, kalelewa na matowashi, kila anayemwona anampigia magoti. Mtu kama huyo atajulia wapi kuishi na mke? Yeye mwenyewe alikiri kwenye kumbukumbu zake kwamba hata angekuwa na mke mmoja tu, huyo mke asingeona raha, kwa sababu akili yake yote ilikuwa kwenye kurudishiwa utawala. Alioa wanawake 5 katika maisha yake na hakupata mtoto na yeyote. Mawakili wa Wenxiu walisema wazi kwamba kwa miaka yote tisa hakuwahi kutendewa kama mke. Magazeti ya Tianjin yalikula sana hiyo habari.

Wanrong, tajiri wa kwao, aliyeshinda nafasi, aliishia wapi? Afyuni, kisha akafia gerezani Yanji Juni 1946. Sasa mleta mada, pesa za baba yake zilimsaidia nini? Nadharia yako ya umaskini inakwama hapo.

Wenxiu masikini akawa mwalimu wa shule ya msingi, hakuolewa tena, akafa 1950. Angalau kwa amani.

#12 Guangzhou Kwa Jumla
Shangazi, hayo ya mwisho umeyatoa kwa Puyi na Puyi alikosea. Aliolewa tena 1947 na afisa wa jeshi la Kuomintang (chama kilichotawala Jamhuri), Liu Zhendong. Alifariki Septemba 1953, moyo. Ualimu ni kweli, alirudia jina lake la shule, ila watu walipogundua ni nani wakawa wanajazana kumtazama, akaacha. Baadaye alifanya kazi ya kusahihisha prufu gazetini.

#13 Shangazi Kaja Mjini
Haya, basi hata kifo cha aliyekuwa mkewe hakukijua. Umenisaidia kuthibitisha hoja yangu kuhusu huyo mwanaume, asante.

#14 Kamba ya Katani
😂😂 Shangazi hashindwi.

#15 Nahodha Bila Jahazi
Mnaruka siasa. 1931 Tianjin, Puyi anaishi kwenye eneo la Wajapani, wageni wake ni maafisa wa Kijapani na wazee wa kumtia ndimu arudi kwenye kiti. Wenxiu alijulikana kwa kupinga suala la kuwategemea Wajapani, wakati wenzake wote mle ndani wanaimba wimbo mmoja. Makubaliano ya talaka yalifikiwa 22 Oktoba. Katikati hapo, 18 Septemba, Wajapani wameshavamia Manchuria, kaskazini mashariki mwa China. Na 10 Novemba usiku Puyi katoroshwa Tianjin kwenda huko Manchuria kufanywa mfalme kibaraka wao. Angechelewa kidogo angebebwa naye. Alisoma upepo.

#16 Wakili wa Uchochoroni
Nahodha, alitoka Agosti kabla ya uvamizi. Asingeweza kusoma upepo ambao haujavuma.

#17 Nahodha Bila Jahazi
Upepo haukuvuma kwako uliyeko uchochoroni. Mle ndani ulikuwa unasikika kila siku mezani.

#18 Mfuko wa Rambo
Samahani wakuu, mimi nitakuwa mbaya wenu. Fedha. Mdogo wake na ndugu walimshika sikio kwamba ukimfikisha huyu kwa wakili atalipa haraka kukwepa aibu. Na ndivyo ilivyokuwa, Puyi alikuwa anaogopa kupandishwa kizimbani kama raia kuliko kitu chochote. Wakamalizana kwa yuan 55,000. Kiinua mgongo hicho. Binti wa kudarizi kaondoka na mzigo. Naona mnamlilia sana.

#19 Shangazi Kaja Mjini
Rambo jina lako limekufaa, huna unachobeba kikafika.

#20 Binti Machame
#18, mawakili 3 walilipwa na nani? Ndugu waliosaidia walikula nini? Na ile posho ya ndani ya nyumba, Puyi mwenyewe kasimulia: Wanrong akinunua kitu Wenxiu naye anataka, Wenxiu akipewa Wanrong lazima anunue cha zaidi, ili ionekane nani mkubwa. Wote wawili walikuwa wanapimwa kwa vitu kwa sababu hakuna kingine walichokuwa wanapewa. Mimi nilikuwa na viatu vingi sana kipindi kile. Nilipotoka nilibeba jozi niliyovaa.

#21 Mwana wa Mkunazini
Assalaam alaykum. Nilikuwa msomaji, ila hapa pa bibi mkubwa na bibi mdogo naona mnachanganya na ya kwetu. Kwetu mke wa pili ni mke kamili: mahari yake, zamu yake, urithi wake, na akichoka ana khului (talaka anayoiomba mke mwenyewe) au anakwenda kwa kadhi. Suria wa Kichina hakuwa hivyo hata kidogo, kwa hiyo tusifananishe tukajipoza.

#22 Wakili wa Uchochoroni
Sahihi kabisa. Hata Sheria yetu ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 wake wote wana hadhi sawa mbele ya sheria. Na mwaka huohuo 1971, mwezi Oktoba, ndipo Hong Kong ilipopiga marufuku kuchukua masuria wapya.

#23 Sungusungu Mstaafu
Wakili hapo umeteleza. Masuria yalikwisha 1950, sheria ya ndoa ya Mao, 1 Mei. Hata mtoto wa shule anajua.

#24 Guangzhou Kwa Jumla
Sungusungu, hiyo ni China bara. Hong Kong ilikuwa ya Mwingereza, na Mwingereza aliacha mila za Qing ziendelee kwenye ndoa. Mpaka 7 Oktoba 1971 tajiri wa pale alikuwa anachukua suria kihalali, mahakama inamtambua. Wapo wazee wa Hong Kong hadi leo wanaogombea mirathi, mama mmoja mke, mwingine suria.

#25 Mwana wa Mkunazini
Na kabla hamjacheka umri wa Wenxiu, hiyohiyo sheria yetu ya 1971 ilimruhusu binti wa 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ikasema 2016 haifai, Rufani ikakazia 2019.

#26 Mzee wa Pembeni
Turudi Beijing wakuu, hiyo ina uzi wake na ulifungwa kwa matusi.

#27 Kisima cha Ngamia
Mnamng'ang'ania Wenxiu ambaye kwao angalau walikuwa na jina. Maskini haswa alikuwa mke wa nne, Li Yuqin. Baba yake mhudumu wa mgahawa Changchun, mji wa Manchuria alikokaa Puyi na ikulu yake ya ukibaraka. 1943, binti wa shule miaka 15, walimu wanakuja na Mjapani kuchukua picha za wasichana. Familia inaambiwa anakwenda kusomeshwa ikulu. Mzazi gani maskini angekataa, na wakati ule angemkatalia nani?

Kufika kule kaandikishwa masharti 21 kwa mkono wake mwenyewe. Asionane na wazazi bila ruhusa, asiwaombee chochote, asiwe na fedha yake ya siri. Na kila kosa anaonyeshwa karatasi: si uliandika mwenyewe?

Utawala wa Wajapani ulipoanguka Agosti 1945, Puyi akapanda ndege akamwacha. Alisubiri, akahangaika na kazi kwa sababu ya jina la mume, akaenda mpaka gereza la Fushun, China ilikomfunga Puyi baadaye, kumtembelea, mwisho akaomba talaka na akaipata 1957. Alifanya kazi maktaba Changchun, akafariki 2001.

Sasa hapo mleta mada ndipo umaskini ulipofanya kazi. Puyi alishamtumia Wanrong mwenye elimu yake na Wenxiu mwenye mdomo wake, akaona bora mtoto wa maskini anayeweza kuandikishwa karatasi.

#28 Binti Machame
Hizo karatasi za kuandika mwenyewe. Mungu wangu.

#29 Kigoda cha Bibi
Nimerudi wakuu, kazi ziliingilia. Asanteni. Naona kila mtu kabomoa nadharia yangu kisha kaitumia mlango wa nyuma. #27 umenipa ushahidi bora kuliko wangu.

Shangazi, Wanrong sikubali. Pesa za kwao hazikumpa furaha, lakini zilimpa nafasi. Hayo ni mambo mawili.

Niongeze hili. Ndani ya ile ikulu Wenxiu alikuwa msomaji sana, na aliandika kijitungo kuhusu paa waliofungiwa bustanini, namna mnyama aliyezoea mlima anavyokonda ndani ya ukuta. Alikuwa bado binti mdogo. Anayesema alitoka kwa sababu ya sheria ya 1931 au fedha za ndugu, anieleze hao paa.

#30 Wakili wa Uchochoroni
Mkuu, paa hawaendi mahakamani. Alikuwa na huzuni miaka yote, nakubali. Nilichouliza ni kwa nini siku ile.

#31 Mfuko wa Rambo
Na mimi nasisitiza mdogo mtu.

#32 Shangazi Kaja Mjini
Kabla hamjafunga, kuna kaka mtu hamjamtaja. Baada ya habari kuvuja, ndugu yake wa ukoo, Wenqi, alimwandikia barua ya wazi gazetini. Kwamba ukoo wetu umekula neema za Qing miaka zaidi ya 200, mfalme hajakutesa, na hata kama angekutesa ungevumilia mpaka kufa. Gazetini!

Naye akamjibu gazetini. Kwamba wewe na mimi hata kujuana hatujuani vizuri, sheria za Jamhuri zinasema mwanamume na mwanamke ni sawa, na barua yako maana yake unaniambia nife. Hapo ndipo nilipompenda. Wakati wa kudarizi huyo kaka hakuonekana, kapata wino siku dada anadai chake.

#33 Binti Machame
Huyo kaka ninaye. Wa kwangu alipiga simu, hakuwa na gazeti.

#34 Sungusungu Mstaafu
Swali la mwisho kwa Wakili. Nimesoma mahali kwamba makubaliano yale yalimtaka Wenxiu asiolewe tena maisha yake yote. Guangzhou kasema kaolewa 1947. Si amevunja mkataba? Zile 55,000 zilitakiwa zirudi.

#35 Wakili wa Uchochoroni
Sharti lilikuwepo, ndiyo. Ila mdai alikuwa mfungwa wa Warusi tangu Agosti 1945, hadi 1950. Nani angempelekea hati ya madai Siberia?

#36 Kamba ya Katani
Yule towashi.